Mwaka wa Springi za Ba Mulenga

Hamadi alizikwa kwao Kondoa kabla taarifa haijanifikia. Binti yake mkubwa, Rukia, alinipigia simu baada ya matanga kwisha. Akaniomba radhi kwa kuchelewa, tukapeana pole, kisha akauliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya aitafute namba yangu. "Shangazi, msibani alikuja mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori. Alisema baba aliwahi kuwa bingwa wa mbio za magari huko Tunduma, na wewe ulikuwa naye garini. Sisi wanawe hatujawahi kusikia habari hiyo. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. "Sasa mbona hakuwahi kutuambia?" Nilimwambia mtandao unakatika, nikaizima simu, nikabaki sebuleni mpaka chai ikapoa mkononi. Katika watu wanne tuliokuwa timu ile nimebaki mimi peke yangu, na jambo lenyewe halielezeki kwa simu. Nimeamua kumwandikia.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, maana haziingii hapa. Inatosha kujua kwamba nilishuka kutoka milima ya Ileje nikiwa binti ambaye hajaolewa, nikaajiriwa karani katika ushirika wa wasafirishaji pale Mpemba, enzi hizo ambapo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya na lami ya barabara kuu ya Zambia ilikuwa bado inanuka upya. Wazambia walikuwa wamefungiwa njia ya kusini, kwa hiyo shaba yao ikitoka na mafuta yao yakiingia, vyote vilipita mlangoni petu. Wenye malori yao binafsi walikuwa wengi, hasa Waislamu waliotoka Kondoa, Tanga na Kigoma, nao wakahimizwa waungane kama kila mtu alivyohimizwa siku zile. Wakaungana. Ushirika ulikuwa na malori machakavu, gereji ya mabati, ofisi ya chumba kimoja, na jiko lililoegemezwa kwenye ukuta wa ofisi hiyo. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, hivyo moshi wa jikoni uliingia ofisini na maneno ya ofisini yaliingia jikoni. Mimi nilikula chakula cha mchana jikoni, kwa sababu moto wa kuni ulinikumbusha nyumbani, na kwa sababu ya Mama Neema aliyepika pale.

Mama Neema alikuwa mke wa Sichone, fundi wetu mkuu. Wote wawili walikuwa Wanamwanga, watu ambao mpaka uliwapitia katikati bila kuwauliza. Mke alizaliwa upande wa Zambia, Nakonde, na huko mama yake mzazi alikuwa bado anaishi, pamoja na kaka yake aliyeitwa Silwamba. Alitupikia ugali wa ulezi na maharage, na siku lori likipanda kutoka bonde la Rukwa tulipata samaki wakavu. Alikuwa na desturi ya kunijazia sahani kuliko madereva. "Kula, dada Atu," alisema. "Mwili wako mwepesi, gari litakurusha dirishani."

Gari alilosema lilikuwa dogo, la Kijapani, lililopata ajali mlimani na kununuliwa na ushirika kama chuma chakavu. Mwenyekiti wetu, Mzee Nzunda, ndiye aliyeamua tulitengeneze tuingie nalo mashindano ya nyanda za juu. Alikuwa Mnyiha mrefu, mpole, aliyevaa koti lilelile la kijivu masika na kiangazi, na aliyejua jina la kila mtoto wa kila mwanachama. Mbio hazikumvutia. Alikuwa amesikia mkoani kwamba ushirika utakaofanya vizuri ungefikiriwa wa kwanza katika mgao wa malori mapya na matairi, na matairi siku hizo yalitafutwa kama dawa. Akamchagua Hamadi awe dereva, kijana wa Kikondoa ambaye hakuwahi kuangusha lori. Msoma ramani alitafutwa kwa namna yake: Mzee Nzunda aliwapandisha watu wa ofisini mmoja mmoja, Hamadi akawapeleka mbio kwenye njia ya mawe. Mtunza stoo alitapika. Karani mwenzangu alitapika. Mimi sikutapika, na ramani nilikuwa nimejifunza shuleni. Basi nikawa msoma ramani. Mzee Nzunda ndiye aliyenifundisha pia kuendesha, jioni baada ya kazi, akikaa kando yangu na kofia magotini. Hakuniinulia sauti hata nilipougonga mti wa uzio. Nataka Rukia alijue hilo kabla hajasoma yanayofuata.

Mbio za kwanza za mwaka ule tulishindwa vibaya. Springi zetu za nyuma, zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zilivunjika kwenye makorongo, na gari likawa linaruka kiasi kwamba niliuma ulimi nikatema damu kwenye ramani. Washindi walikuwa timu ya Zambia iliyoongozwa na fundi mmoja wa makamo, Ba Mulenga. Hiyo "Ba" ni heshima ya Kibemba, na hata sisi wa upande huu hatukumwita bila hiyo. Gari lake halikuwa na nguvu kuliko letu. Ila lilipita kwenye mashimo yaleyale kama mtu avukaye mto kwa mawe anayoyajua. Nyuma walilifunika kwa turubai kila liliposimama, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuinama karibu yake.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni na Mama Neema. Yeye alikuwa akichambua maharage, mimi nakula. Ofisini walikuwemo Mzee Nzunda na Sichone. Tuliwasikia kama vile wameketi nasi.

"Wale wa ng'ambo wanafanyaje?" aliuliza Mzee Nzunda. "Gari lao haliruki."

"Sijui, mzee. Mlamu wangu Silwamba yuko kule gerejini kwao, lakini kazi yao haisemi."

"Mlamu ni ndugu. Ndugu hamnyimi ndugu."

Kisha Sichone akasema, "Mzee, unataka nimuulize?"

"Mimi sijasema uulize. Nimesema ndugu hamnyimi ndugu. Ukipata kitu, funga. Usije kunieleza ulikopata."

Mama Neema aliacha kuchambua. Aliniangalia, nami nikamwangalia, kisha akarudi kwenye maharage yake. Mimi niliyachukua kama maneno ya wanaume wanaopanga kazi. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na umri ambao mtu anaamini wakubwa wakisema nusu ya jambo basi nusu nyingine ni njema.

Jumapili moja baada ya ibada Silwamba alikuja kumwona dada yake, na gunia zito limefungwa nyuma ya baiskeli. Nilimsalimu kwa Kibemba cha kuokoteza, "Mwapoleni mukwai," akaitika bila kutabasamu. Baadaye nilikuja kujua kilichokuwa moyoni mwake. Yeye ndiye aliyekuwa akikata raba za springi za gari la Ba Mulenga, na timu ilipokwenda mbio za Lusaka aliachwa nyumbani, nafasi yake akapewa mpwa wa tajiri mmoja. Mtu aliyedharauliwa hana haja ya kushawishiwa sana. Wiki ile Sichone alijifungia gerejini, na alipotoka gari letu lilikuwa gari jingine. Hamadi alilipeleka kwenye njia ya mawe kulijaribu, na kwa mara ya kwanza niliweza kusoma maandishi madogo ya ramani wakati linakwenda. Tuliporudi nilimuuliza Sichone amefanya nini. "Nimeweka raba kati ya mabamba," akajibu, akifuta mikono. Nikamuuliza amepata wapi wazo hilo. "Raba ni raba, dada," akasema. Hamadi alikuwa amesimama pale. Naye aliridhika na jibu hilo.

Mbio za pili zilikuwa kwenye milima ya kwetu Ileje, baridi na ukungu, na tulishinda. Sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Watu niliosoma nao walisimama kandokando ya njia wakiita jina langu, na jioni tulikula viazi na nyama ya mbuzi katika nyumba ya mchungaji, Hamadi akiwa amechinja mwenyewe ili aweze kula nasi. Mzee Nzunda alisimama akasema neno ambalo lilikuwa katika kila hotuba ya siku zile. Alisema hakuna aliyeshinda peke yake. Alisema ni sisi. Sisi tumeshinda, sisi wanyonge tulioungana. Nilimwamini kabisa, na mpaka leo naliona neno lile kuwa zuri. Shida ni kwamba tulikuwa tumelizoea katika furaha tu.

Mbio za tatu ziliteremka Kamsamba. Anayejua bonde lile anajua joto lake: unashuka mteremko ukiwa umevaa sweta na unafika chini umelowa jasho, mashamba ya mpunga yamekauka, ng'ombe wamesimama wakihema. Gari la Ba Mulenga lilikuwa limeingiza maji kwenye injini katika kivuko cha mto Momba, likatoka mashindanoni. Sisi tulikuwa tunaongoza. Kabla ya kijiji kimoja kidogo tukasikia mlio nyuma, gari likalala upande. Bolti ya katikati inayoyashika mabamba ilikuwa imekatika. Sichone alikuwa nyuma sana na lori la vifaa. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alituletea maji ya kunywa, tukakaa kivulini tukiona ushindi unayeyuka.

Aliyetokea alikuwa Ba Mulenga, na gari lake la vifaa, akirudi na watu wake. Alisimama. Katika bonde lile hakuna aliyemwacha mtu, awe wa timu yoyote. Hakuuliza maswali, alichukua jeki na spana, akatandika gunia, akaingia chini ya gari letu. Tulisikia nyundo, kisha hatukusikia kitu. Miguu yake ilikuwa imetulia kabisa. Nilidhani amezidiwa na joto, nikainama kumtazama. Alikuwa amelala chali, kidole kimegusa pale ambapo raba nyeusi ilichungulia kati ya mabamba mawili ya chuma. Raba ile ilikatwa kutoka kwenye mikanda chakavu ya kubebea mawe katika migodi ya shaba, yenye nyuzi nyeupe ndani, na ilikatwa kwa mshazari kila ncha. Upande wetu wa mpaka mikanda ile haikuwepo.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza kutoka kule chini.

"Ya fundi wetu, Sichone," Hamadi alijibu.

"Sichone," alirudia taratibu.

Halafu nyundo ikaanza tena. Alifunga bolti yake mwenyewe, mpya, akatoka, akanawa mikono kwa maji ya yule mama. Hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepokea habari ya msiba njiani na bado ana safari. "Nendeni," alisema. "Muda unawaacha." Tulikwenda, na tulishinda kwa tofauti ndogo sana, kwa bolti ya mtu tuliyekuwa tumemwibia. Garini sikuzungumza na Hamadi zaidi ya kumwambia kona. Nilijua kwamba kuna kitu, na nadhani hata yeye alijua, ila hatukuwa na jina lake.

Jina lilipatikana Tunduma kesho yake mchana, kwenye karamu ya washindi. Wafanyabiashara walikuwa wamepika pilau, sufuria zimepangwa uani, kikombe kiko mezani. Ba Mulenga alikuja mbele ya kamati ya mashindano, akavua kofia, akaomba gari letu linyanyuliwe kwa jeki mbele ya watu wote. Likanyanyuliwa. Alitoa mfukoni kipande cha raba, akakisogeza kwenye springi zetu, na hata asiyejua gari aliona kwamba ni nyama ya mnyama mmoja. Sahani ziliwekwa chini. Kamati ikasema shauri litasikilizwa baada ya majuma mawili. Kanuni yao ilikuwa fupi: timu isitumie ufundi wa timu nyingine bila ridhaa, na ikitumia, timu ndiyo itakayojibu, isipokuwa ithibitike kwamba mtu mmoja alitenda kwa siri bila viongozi wake kujua.

Mzee Nzunda alituita ofisini siku iliyofuata, Hamadi, Sichone na mimi. Alifunga mlango. Sijawahi kumwona amezeeka ghafla namna ile. "Mgao wa malori unatoka mwezi ujao," alisema. "Nyumba ngapi zinakula kwa ushirika huu, mnazijua. Mtu mmoja akianguka tunaweza kumwinua. Tukianguka wote, nani atatuinua?" Alimgeukia Sichone, akamwambia atasema kwamba ni yeye peke yake. Ataachishwa kazi hadharani, na mambo yakitulia atarudishwa. Sichone alikuwa akiangalia viganja vyake. "Sawa, mzee," akajibu. Hamadi akauliza, "Na kikombe?" Mzee Nzunda akasema kikombe ni cha ushirika. Niliwaza sana baadaye kuhusu maneno yale, kwa kuwa hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Alikuwa amepiga hesabu ya wengi dhidi ya mmoja, hesabu ambayo viongozi wakubwa kuliko yeye waliipiga kila siku, na alikuwa na uhakika kwamba angemtunza huyo mmoja.

Mama Neema alinifuata chumbani kwangu mchana wa Jumamosi, na bakuli la kande amelifunika kwa kitambaa. Alikaa kitandani kwa sababu sikuwa na kiti cha pili. Aliniambia Ba Mulenga amemfukuza Silwamba, na Silwamba ameondoka bila kuaga, wanasema ameelekea migodini, hakuna ajuaye mgodi gani. Sasa mumewe naye ataandikwa mwizi. "Kaka yangu wamemchukua huku, mume wangu wanamchukua huku," alisema. Hakulia. Alikuwa akikunja kitambaa na kukikunjua. "Mimi nikisimama watasema ni mke, atasema nini zaidi. Lakini siku ile jikoni tulikuwa wawili, dada Atu." Alinitazama nikila mpaka nikamaliza, akachukua bakuli lake akaondoka.

Wale wanaofikiri kwamba kusema kweli ni jambo jepesi hawajawahi kula mkate wa mtu. Kwa siku zote zilizobaki nilimkwepa Mzee Nzunda uani, naye kila aliponiona aliniuliza kama nimekula. Nilikwenda kumuuliza Hamadi afanyeje mtu aliyesikia jambo. Alikuwa ametoka kuswali, anaviringisha mkeka. Hakuniuliza nimesikia nini. "Ukiulizwa, jibu," alisema. "Usipoulizwa, muombe Mungu uulizwe."

Niliulizwa. Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa shule, asubuhi, madirisha wazi na watoto wakichungulia. Sichone alisimama akasema ni yeye peke yake. Mzee Nzunda akasema kiongozi hawezi kujua kila bolti. Hamadi alipoitwa alisema kwamba hakujua raba ilikotoka, kisha akaongeza bila kuulizwa: "Lakini gari niliendesha mimi. Liliponyooka sikuuliza limenyookaje. Sichone hajashika usukani hata siku moja, sasa itakuwaje aanguke yeye tu?" Ukumbi ukanong'ona. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa Mbeya mwenye miwani, aliniita mimi na kuniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akauliza kama nilimsikia kiongozi yeyote akizungumza na fundi juu ya springi za Wazambia. Nilimwangalia Mzee Nzunda. Alikuwa na koti lake la kijivu, kofia magotini, vilevile kama alivyokaa akinifundisha gea. Nikasema ndiyo, nikayarudia maneno yote kama nilivyoyasikia, mpaka lile la mwisho: usije kunieleza ulikopata.

Mwenyekiti wa kamati alimuuliza Mzee Nzunda kama anakanusha. "Binti amesema alichokisikia," alijibu.

Kamati iliunyang'anya ushirika ushindi wote wa mwaka ule na kuufungia mwaka uliofuata. Dereva na msoma ramani, kwa kuwa hawakujua raba ilikotoka, waliachiwa pointi zao binafsi. Ndivyo Hamadi alivyokuwa bingwa wa mwaka, kwenye karatasi, bila timu. Malori yalikwenda kwa ushirika mwingine. Pale Mpemba watu hawakunipiga wala kunitukana, ila nilipokwenda bombani ndoo zilisogezwa, na dereva mmoja aliyekuwa akinitania kila siku alinipita kama mti. Nilisikia wakisema binti wa Ileje ameuza lori letu. Mzee Nzunda alijiuzulu uenyekiti, Sichone alibaki gerejini lakini hakuimba tena akifanya kazi. Nilianza kufungasha virago vyangu nirudi kwetu.

Mzee Nzunda alinikuta nikifunga sanduku. Alibisha hodi, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nilidhani amekuja kunilaani na nilikuwa tayari. "Atu," alisema, "kesho nakwenda ng'ambo kwa Ba Mulenga. Nimewaambia Sichone na Hamadi. Kamati imetuhukumu kwa habari ya kikombe. Kikombe si mtu. Ningependa twende wote, lakini wewe huna deni, ukikataa nitaelewa." Nikamwambia nitakwenda. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Tulivuka asubuhi, sisi wanne na Mama Neema. Ba Mulenga alitukaribisha chini ya kibanda cha gereji yake, akaagiza chakula, ugali mweupe na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Hakutaka maneno kabla ya chakula. Tulipomaliza, Mzee Nzunda alisema alichokuja kusema, na Sichone akasema chake. Ba Mulenga alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Raba nitakata nyingine," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aje, basi mmekuja. Lakini yule kijana nilimfukuza mimi kwa hasira, bila kumuuliza kilichomuuma, na hilo ni langu. Mama yake anakaa nyuma ya kanisa. Mpelekeeni maneno haya yeye."

Kwa mila za Wanamwanga, mkwe hamsogelei mama mkwe wake wala hamsemeshi uso kwa uso. Sichone ilibidi asimame mbali, nyuma ya ghala la ulezi, ambako mama yule angeweza kujifanya hamwoni. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amekaa mlangoni anapura ulezi. Mzee Nzunda, mtu ambaye mawaziri walikuwa wamempa mkono, alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo watu wa kwetu kwa kuomba ruhusa, akasema kwa Kinyiha ambacho bibi alikielewa: "Mama, si mkweo. Ni mimi niliyemtuma. Nilimtuma kwa maneno ya kuficha ili nisionekane, lakini ni mimi." Ndicho alichokataa kukisema mbele ya kamati. Alikisema mbele ya mwanamke ambaye hakuwahi kuona mbio za magari na hakuwa na kikombe cha kumpa. Mama Neema alitutafsiria kwa sauti ndogo, mimi na Hamadi, na pale ndipo alipolia.

Bibi aliendelea kupura. Kisha akaonyesha kwa fimbo yake shamba lililokuwa nyuma ya nyumba. "Mwanangu alinilimia mpaka pale penye kichuguu," alisema. "Kuanzia pale ni nyinyi."

Basi tulilima. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka, na kwa majuma kadhaa, kila tulipopata nafasi, tulivuka mpaka na majembe begani, askari wa pande zote mbili wakitutazama bila kuuliza. Ba Mulenga alikuja na vijana wake wawili. Hamadi, aliyekuwa na mikono ya usukani, alitokwa na malengelenge siku ya kwanza. Tulipokuwa tukinywa maji nilimtania kwamba bingwa wa nyanda za juu hawezi jembe. Hakucheka. "Nikiwaambia watu nilishinda," alisema, "itabidi niwaambie na habari za mama huyu. Afadhali ninyamaze." Silwamba hakurudi mwaka ule, na sijui kama alirudi. Habari zake ziliishia kwa mtu aliyemwona mara moja Kitwe.

Siku ya mwisho bibi alikuja kukagua. Alipita katikati ya matuta, fimbo mkononi, Sichone akijificha kwa heshima upande wa pili wa shamba. Tuta langu alilikubali. La Hamadi alilipita kimya. Alipofika kwenye tuta la Mzee Nzunda alisimama, akaliangalia lilivyopinda kuanzia kwenye kichuguu mpaka mwisho, akasema kitu kwa Kinamwanga. Mama Neema alisita kukitafsiri, lakini hakukuwa na haja, mzee alikuwa amekielewa. Alivua lile koti la kijivu, akalitundika kwenye kijiti, akarudi kichuguuni, akaanza upya.